Kansa ya mlango wa kizazi: mwanga usiishie mijini

Kansa ya mlango wa kizazi inaendelea kuua wanawake ambao wangeweza kupona. Kulingana na Shirika la Afya Duniani (OMS), mwaka 2022 ilisababisha vifo karibu 350,000 duniani, asilimia 94 katika nchi za kipato cha chini na cha kati. DRC imo humo. Ugonjwa huu hauji ghafla: virusi vya HPV huchukua miaka mingi kabla ya kugeuza seli kuwa kansa. Muda wa kuuzuia upo.

Shida ni safari ya kipimo. Muuguzi akipaka siki na kuona doa jeupe, mara nyingi inabidi mama akatwe kipande kidogo cha nyama, kipelekwe maabara ya mji mkubwa, kisomwe na daktari bingwa ambaye ni nadra kumpata. Kwa mama wa Walikale au Shabunda kuna barabara mbovu, usalama mdogo na nauli. Majibu yanaweza kufika wakati yeye hapatikani tena.

Hapo ndipo teknolojia ya mwanga inaleta tumaini. Katika Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, timu ya Rebecca Richards-Kortum imetengeneza kifaa chenye uzi mwembamba unaopitisha mwanga. Muuguzi anapaka rangi maalum, anagusisha uzi kwenye doa, na viini vya seli vinang'aa kwenye skrini. Viini vilivyovimba na kusongamana ni dalili ya hatari. Hakuna kukatwa, na jibu linapatikana papo hapo. Kifaa hicho kimejaribiwa Brazili na El Salvador.

Lakini mwanga hautibu. Kifaa bila umeme, bila muuguzi aliyefunzwa na bila dawa kitabaki pambo la kabati. OMS inataka ifikapo 2030 asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa wakiwa na miaka 35, na tena wakiwa na 45. Tunaiomba Wizara ya Afya, vifaa hivi vikiingia nchini, vianzie maeneo ya afya ya vijijini, pamoja na matibabu ya siku hiyo hiyo.

Nanyi akina mama mliofikisha miaka 30, msingoje mashine. Kipimo cha siki kinafanywa na muuguzi kwa dakika chache. Ulizeni kituo cha afya kilicho karibu nanyi.