Wazazi na Watoto: Mkono na Mapumziko Yake

Watoto wetu wa Itigi walindapo mtama huwarushia ndege mawe kwa kombeo, nasi twasifu shabaha yao. Kumbe ng'ambo kurusha ni kazi ya mshahara! Katika besiboli mmoja hurusha mpira, na mpinzani mwenye gongo hujaribu kuupiga. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano makuu ya watoto huko Marekani. Mwaka 2023 mrushaji wa Uganda, David Matoma, aliandikwa na timu ya Pittsburgh Pirates.

Lakini angalieni sheria moja ya mashindano yale: mrushaji wa miaka 11 au 12 asirushe zaidi ya mara 85 kwa siku, na akipita 65 sharti apumzike siku 4. Maana kano za kiwiko zikichoshwa mno huweza kukatika, na kazi ikakoma kabla ya kuanza.

Basi wazazi, wakati wa mavuno mwatwikapo wana wenu magunia, kumbukeni kwamba Mungu mwenyewe alipumzika siku ya saba. Nguvu ya mtoto ni mbegu. Msiile kabla ya kupanda.