Uzi Unaozaliwa Katika Njia Nyembamba

Mkaazi wa Palma au Mocímboa da Praia apitaye vichakani alfajiri huupangusa utando wa buibui usoni, akaendelea na safari yake. Leo, wasomaji wapenzi, na tuutazame kabla ya kuupangusa. Miongoni mwa buibui wa Msumbiji yumo afumaye utando wa rangi ya dhahabu, na uzi wake una somo kubwa.

Uzi huo ni protini, nayo protini ni polima, yaani mnyororo mrefu wa chembe zilizounganishwa moja baada ya nyingine. Nailoni ya nyavu zetu nayo ni polima. Lakini nailoni huyeyushwa kwa moto kiwandani, hali buibui hahitaji moto.

Siri yake ni wembamba wa njia. Tumboni mwake mna tezi iliyojaa uji mzito wa protini. Humo minyororo hukaa imejikunja, kama kikosi kilichopumzika uwanjani. Uji utokapo tezini hupita katika mfereji mrefu unaozidi kuwa mwembamba. Njiani maji hufyonzwa na uchachu huongezeka, na minyororo, ikibanwa na kuvutwa, hukosa nafasi ya kujikunja. Basi hujinyoosha, ikalala sambamba na kushikana yenyewe, mithili ya kikosi kinachojipanga safu moja kwenye daraja jembamba. Kinachotoka ni uzi mwembamba kuliko unywele, ambao kwa uzito ulio sawa huishinda nguvu ya chuma cha pua.

Ng'ambo ya bahari, katika Madagaska, mafundi walikusanya nyuzi za buibui wa dhahabu zaidi ya milioni 1, wakafuma kitambaa kilichoonyeshwa New York mwaka 2009. Mwaka 2017 wataalamu wa Sweden walieleza jinsi walivyofua uzi wa kuiga kwa kuupitisha uji wa protini katika mrija mwembamba wa kioo hadi kwenye maji yenye uchachu.

Wataalamu huchunguza pia kama uzi uliosafishwa waweza kusaidia kuunga mishipa ya fahamu iliyokatika. Hata hivyo, tangu zamani wako watu wabandikao utando wa ukutani juu ya jeraha. Tusifanye hivyo, nyumbani wala kambini. Utando huo hukusanya vumbi, na vumbi laweza kubeba vijidudu vya pepopunda. Jeraha lioshwe kwa maji safi na sabuni, lifungwe kwa kitambaa safi, na mgonjwa apelekwe zahanati.