Mwandishi Aliondoka Kabla ya Sufuria

Nilikuwa Kaberebere nangoja gari ya kwenda Mbarara. Redio ya mwenye duka ilikuwa inasoma habari kwa Kinyankole. Nikasikia "Nakivale", nikasogea. Wakasema wakimbizi wamecheza ngoma na mchezo kuwashukuru wafadhili. Wakataja mgeni wa heshima na maneno yake. Habari ikaisha.

Ndugu zangu, huo mchezo ni wetu. Tuliufanyia mazoezi wiki sita, na haukuwa wa kushukuru mtu. Ni habari ya mama anayeuza sufuria yake, kwa sababu chakula cha msaada kilianza kupunguzwa mwaka 2020 na sasa hakimfikishi mwisho wa mwezi. Mwishoni anainua ile sufuria na kuuliza watu: "Nani anaitaka?" Uwanja ulinyamaza. Kuna wamama walilia. Mwandishi hakuona hayo. Alikuwa amesharekodi hotuba, akapokea pesa ya transipoti kwa waandaaji, akapanda boda akaenda zake.

Simtukani. Nani alimfundisha? Redio haiwezi kutuma kwenye mpira mtu asiyejua penati ni nini, tena aondoke dakika ya ishirini halafu atangaze matokeo. Wasikilizaji wangempigia simu kumzomea. Lakini kwenye mchezo wa kuigiza anatumwa yeyote mwenye simu inayorekodi.

Mtaniambia mchezo ni burudani tu. Mbona watawala hawakuuona hivyo? Byron Kawadwa, mwandishi wa michezo hapa Uganda, alichukuliwa na watu wa Amin mwaka 1977 akauawa. Mwaka huohuo, Kenya, serikali ilipiga marufuku mchezo wa wanakijiji wa Kamiriithu, na Ngũgĩ wa Thiong'o akafungwa karibu mwaka mzima bila kesi. Wale wakubwa walielewa kabisa mchezo unasema nini. Ni aibu kama waandishi wetu wanaelewa kidogo kuliko wao.

Kuhakiki mchezo ni kazi inayofundishwa. Chama cha kimataifa cha wahakiki wa tamthilia kilianzishwa Paris mwaka 1956, na huandaa semina za wahakiki vijana. Wanatazama michezo pamoja, wanaijadili, wanaandika. Sisi hatuombi tikiti ya ndege. Hapa Nakivale kuna vijana wanaoongea Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi, Kisomali, Kifaransa. Tafuteni kumi. Wafundisheni kukaa mpaka mwisho, kuuliza nani ametunga, nani ameongoza, nani ameigiza, na kuandika majina hayo sawasawa. Wafundisheni kutazama watu pia: walicheka wapi, walinyamaza wapi, nani aliinuka akaondoka na kwa nini. Na transipoti yao isitoke kwa mwenye sherehe, maana anayekulipia boda ndiye anayekuandikia kichwa cha habari.

Nyinyi wa mashirika, najua jibu lenu: maji kwanza, chakula kwanza. Nakubali, hata mimi nakunywa maji. Lakini kama mama anasema sufuria haina kitu, na redio inasema amefurahi na anashukuru, aliye ofisini atajuaje? Atasikia tunashukuru, ataendelea kupunguza. Kwa hiyo mafunzo haya si anasa. Mafunzo mnayotupa mara nyingi ni siku tatu, soda, tisheti na cheti. Tupeni miezi mitatu na mwalimu anayesoma kazi zetu na kuzirudisha na wino mwekundu.

Na sisi wa vikundi tuseme ukweli. Tumezoea kusifiwa. Siku mwandishi aliyefundishwa atakapoandika kwamba mchezo wetu ni mrefu, waigizaji hawasikiki nyuma, na yule mzee ameigizwa kama katuni, tusimnunie. Atakuwa ametuheshimu kuliko wote waliotupigia makofi bila kutazama.

Gari ilipofika nilimuuliza mwenye duka amesikia nini kuhusu Nakivale. Akasema: "Nyinyi mnafurahi sana huko, kila siku ngoma." Anaishi karibu nasi hivi, na hicho ndicho anachokijua. Mchezo wa sufuria tutaucheza tena. Atakayekuja kuuandika, aje amejifunza, na akae mpaka mama aulize swali lake.