Utetezi wa Kompyuta Ndogo

Wapo wasomi wadaio kwamba kuuweka mfumo endeshi wa jamii ya Unix ndani ya chipu ndogo kuliko ukucha ni mchezo wa watoto, na kwamba vyuo vya Nyanda za Juu Kusini, tangu Mbeya hata Iringa, sharti vingoje mashine kubwa ndipo vifundishe undani wa kompyuta. Dai hilo lina sauti kubwa, lakini halina mizizi.

Kwanza, historia yenyewe hulikanusha. Ken Thompson na Dennis Ritchie waliianza Unix mwaka 1969 katika Maabara za Bell, Marekani. Mwaka 1971 iliendeshwa katika mashine yenye kumbukumbu ya kilobaiti 24 tu: 16 za mfumo na 8 za watumiaji, na kwa kiasi hicho wapiga chapa wa idara ya hataza walifanya kazi zao. Kibao kiitwacho Raspberry Pi Pico, kilichotoka Uingereza mwaka 2021, kina kilobaiti 264, yaani mara 11 ya hizo. Mwaka huohuo David Given aliuhamishia humo FUZIX, mfumo ulioanzishwa na Alan Cox. Je, kilichowatosha waasisi kitawapungukiaje wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya au wa Chuo Kikuu cha Iringa?

Hudaiwa tena kwamba kifaa cha kupimia hakihitaji mfumo; programu moja yatosha. Hilo ni kweli kwa kipimajoto. Lakini na utazamwe Mto Ruaha Mkuu, ukusanyao maji katika bonde la Usangu mkoani Mbeya na kuyapitisha Iringa, ambao mwaka 1993 ulianza kukauka wakati wa kiangazi. Kifaa cha kupimia kina cha mto kama huo hupima, huandika katika faili, hutunza saa na hupeleka habari, nacho huishi kwa betri na jua mahali pasipofika nguzo ya umeme. Kazi nyingi zikikutana mahali pamoja hutaka msimamizi, na msimamizi huyo ndiye mfumo endeshi.

Ni haki kukiri kasoro. Chipu ya namna hiyo haina sehemu ya kumtengea kila mtumiaji kumbukumbu yake pekee. Programu moja mbovu yaweza kuiangusha mashine nzima. Hata hivyo, anguko hilo lina faida kwa mwanafunzi, kwa sababu mfumo mdogo husomeka wote, na chanzo cha kosa huonekana. Linux kamili ina mistari zaidi ya milioni 20; nani ataimaliza kabla ya kuhitimu?

Mhitimu aliyefundishwa kungoja mashine kubwa atajua kubonyeza vitufe tu. Siku kifaa cha mtoni kitakaponyamaza, ataagizwa fundi kutoka mbali. Na kabla fundi hajawasili, maji yatakuwa yamekwisha kupita bila kupimwa.