Hakuna Kipimo, Hakuna Malipo!

Zamani kila homa ilikuwa malaria. Mtu akitetemeka kidogo tu, anamezeshwa vidonge na kurudishwa nyumbani. Siku hizi muuguzi akikuandikia dawa ya mseto bila kukutoboa kidole, unamshangaa. Lakini hebu peleka kompyuta isiyowaka kwa fundi. Anaitazama, anaitikisa, anaguna, kisha anatoa hukumu: "Umeme wa TANESCO umeipiga hii. Mazabodi imekufa." Hajapima kitu. Kesi imekwisha, na wewe unaingiza mkono mfukoni.

Ndugu zangu, huo ni ubabaishaji, na sisi wa vijijini ndio tunaoulipia zaidi. Mtu wa Dar es Salaam akidanganywa Kariakoo, anavuka barabara na kuuliza duka la pili. Mtu wa Endamarariek akiambiwa mazabodi imekufa, anahesabu nauli hadi Karatu mjini, na pengine hadi Arusha, zaidi ya kilomita 130 kutoka Karatu. Na kompyuta ya steshenari kijijini si pambo. Hapo ndipo fomu ya mkopo wa HESLB inapojazwa, matokeo ya NECTA yanapochapwa, na mukhtasari wa kikao cha vikoba unapotolewa nakala. Mashine ikilala wiki mbili wakati wa maombi ya mkopo, kuna mtoto wa mkulima ambaye dirisha linamfungia usoni.

Sasa angalieni kompyuta hizi zinakufa lini. Nyingi zinakufa siku ile ile zilipofunguliwa ili kuongezewa nguvu: ramu imeongezwa, diski ya pili imefungwa, au kadi ya grafiki imepachikwa ili mwenye steshenari aweze kuhariri video za sendofu. Asubuhi iliwaka. Mchana ikafunguliwa. Jioni haiwaki. Halafu mtuhumiwa ni TANESCO! Jamani, hivi gridi ya taifa ilikuwa inasubiri fundi ashike bisibisi?

Mimi si wakili wa TANESCO. Mgao wa 2006 na ule wa 2011 nani kausahau? Umeme ukirudi kwa kishindo unaweza kuunguza kifaa, na kinga nzuri ni lazima. Lakini pawa saplai nyingi za miaka ya karibuni zimetengenezwa zipokee volti 100 hadi 240. Taa zikififia jioni, hiyo peke yake haiziui. Zile za zamani zenye kiswichi chekundu nyuma ndizo za kuogopa: mashine imetoka Marekani kiswichi kikiwa 115, mtu anaichomeka kwenye volti 230 zetu bila kutazama, inalipuka papo hapo. Hapo umeme umekosa nini? Tuna Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, lililoanza kuzalisha umeme mwaka 2024. Hata tukijenga kumi kama hilo, kompyuta ambayo waya wa prosesa umesahaulika kuchomekwa haitawaka.

Na wanaodhani mashine zinakufa Afrika tu, wakumbuke Dell. Nyaraka za mahakama zilizofunguliwa mwaka 2010 zilionyesha kwamba kati ya Mei 2003 na Julai 2005 kampuni hiyo iliuza kompyuta zisizopungua milioni 11.8 zilizokuwa na hatari ya kuharibika kwa sababu ya kapasita mbovu. Zilikufa kwenye maofisa ya Marekani, ambako hakuna TANESCO. Kapasita mbovu mara nyingi inaonekana kwa macho: kichwa chake kimevimba au kinavuja. Fundi wako amewahi kukuonyesha hilo?

Tuje kwenye hesabu, ambayo mafundi wetu wengi wanaikwepa. Pawa saplai imeandikwa kwa herufi kubwa "500W". Achana na maandishi makubwa, soma madogo, mstari wa volti 12. Ukikuta ampea 16, zidisha: 12 mara 16 ni wati 192. Huo ndio mzigo inaoweza kuubeba pale panapohitajika hasa, kwa sababu prosesa na kadi ya grafiki hula zaidi kwenye mstari huo. Prosesa ya wati 65, na kadi ya grafiki inayochota hadi wati 75 kwenye sloti na nyingine 75 kwenye waya wake wa pini sita, jumla ni 215. Mashine itawaka vizuri, mwenye duka atafurahi, kisha siku ya kazi nzito itajizima katikati ya video ya bibi harusi. Anayeuza lebo ya uongo ni mwizi. Fundi anayeifunga bila kuzidisha namba mbili ni msaidizi wake.

Kutafuta ugonjwa wenyewe hakuhitaji shahada. Chomoa plagi ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache ili chaji iliyobaki iishe. Toa kile kifaa kipya, rudisha kila kitu kama kilivyokuwa, kisha jaribu. Ikiwaka, umeshajua pa kuanzia. Ndiyo maana vifaa vitatu havifungwi kwa mpigo mmoja. Isipowaka, kagua plagi kubwa ya pini 24, kisha ile ndogo ya prosesa ya pini nne au nane, ambayo husahaulika sana. Chomoa ramu uirudishe mpaka ibane. Tazama kama kuna skrubu iliyodondoka chini ya mazabodi.

Kisha shika multimita. Kwenye pawa saplai ya kawaida ya ATX, plagi ikiwa ukutani na kompyuta imezimwa, waya wa zambarau unatakiwa kuwa na volti 5. Hakuna kitu? Kagua soketi, kebo na swichi ya nyuma kwanza. Hivyo vikiwa vizima, mshukiwa ni pawa saplai. Kompyuta ikiwaka, waya wa njano uwe kati ya 11.4 na 12.6, mwekundu kati ya 4.75 na 5.25. Pima mashine ikiwa kazini, maana pawa saplai dhaifu husoma vizuri ikiwa haina mzigo. Feni zikizunguka sekunde moja na kunyamaza, mara nyingi pawa saplai inajilinda: kuna shoti au mzigo umezidi. Ila pawa saplai yenyewe usiifungue, ndani yake kuna volti zaidi ya 300 zinazoweza kubaki hata baada ya kuchomoa. Na baadhi ya Dell na HP zina plagi zao wenyewe, usizipachikie pawa saplai yoyote kwa kuangalia umbo tu.

Multimita ya kuanzia haifiki bei ya kuku wawili wa kienyeji. Sasa fundi anayetoza watu mwaka mzima bila kuwa nayo tumwite nani? Mganga wa ramli?

Lawama nyingine ni kwa wanaogawa kompyuta mashuleni. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2006, umekuwa ukipeleka kompyuta kwenye shule za umma, na wafadhili nao huleta za mtumba. Asante sana. Lakini kompyuta bila pawa saplai ya akiba, bila multimita, bila mwalimu mmoja aliyefundishwa kuitumia, ni sherehe ya kukata utepe tu. Vumbi jekundu la Karatu linaingia kwenye feni, feni inakwama, na mashine nzima inaitwa "mbovu" kwa sababu ya kifaa kimoja kinachobadilishwa kwa skrubu nne. Hapo wanafunzi wanarudi kuchora kibodi kwenye daftari, huku magari ya watalii yakipita Karatu kwenda Ngorongoro.

Na sisi wateja tusijitoe. Tunapenda rahisi, tunaona aibu kuuliza, tunamwogopa mtu mwenye bisibisi kama tulivyomwogopa mwalimu wa hesabu. Tuache. Fundi akisema pawa saplai imekufa, mwambie aandike kwenye risiti: njano volti ngapi, nyekundu ngapi, zambarau ngapi. Akisema mazabodi, aandike amejuaje. Kifaa alichotoa akurudishie mkononi. Fundi wa kweli hatakasirika, atafurahi kuonyesha kazi yake. Atakayekasirika umeshamjua.

Kidole tulikubali kitobolewe kabla ya kumeza dawa. Na kompyuta ipimwe kabla ya kuzikwa. Hakuna kipimo, hakuna malipo. Nawasilisha.