Nani Anatoa Moshi?

Mwanafunzi wangu, itazame sentensi hii: "Gari linatoa moshi." Kisarufi haina kasoro. Kiima kipo, kiarifu kipo, nasi tunaridhika. Lakini hapa Nyamityobora, watoto wanapopita kando ya barabara asubuhi wameziba pua kwa kola za sare, sentensi hiyo inamficha mtenda. Gari halikujiunda, wala halikuvuka mpaka kwa hiari yake.

Mwaka 2018 Uganda ilipiga marufuku kuingiza magari yaliyotimiza miaka 15 tangu kuundwa. Vema. Ila sheria hiyo iliruhusu gari la miaka 14 kuingia kihalali. Nani atalipima likifika miaka 20? Ukaguzi wa lazima wa magari ulikuwa umekwisha kusimamishwa na Bunge mwaka 2017. Aliyebaki mkononi mwa sheria ni dereva wa teksi ya Nakivale, mbele ya askari ambaye kipimo chake ni macho yake mawili.

Sisemi dereva ni malaika. Wapo wanaomwachia fundi akikate kile kichujio cha ekzosi chenye madini ya platini, kiuzwe, kisha bomba tupu liungwe mahali pake. Huyo atozwe faini, fundi naye atozwe, na mnunuzi (mbona huyu hatajwi kamwe?) atozwe maradufu.

Na mtengenezaji je? Mwaka 2015 ilifichuka Marekani kwamba Volkswagen ilitia katika magari yake ya dizeli programu iliyotambua gari linapopimwa, ikapunguza sumu kwa muda wa kipimo tu. Magari yapatayo milioni 11 duniani! Wenye kuyaendesha hawakujua lolote. Mwaka 2017 kampuni ilikiri makosa mahakamani, ikatozwa faini ya jinai ya dola bilioni 2.8. Hila hiyo ilianza kufichuka pale watafiti walipoyapima magari yakiwa barabarani, badala ya kuamini vyeti.

Kwa hiyo nadai hivi: jina la mwagizaji liandikwe pamoja na matokeo ya kipimo cha gari alilolileta, na likishindwa kipimo baada ya mwaka mmoja, aitwe yeye kwanza. Vipimo viwepo hapa Mbarara. Dereva naye apewe muda wa kutengeneza gari kabla ya kutozwa faini, maana hawezi kulipa vyote viwili kwa siku moja.

Zoezi la wiki hii: iandike upya ile sentensi ya kwanza, ukiwataja watenda wote.