Filamu Zihakikiwe, Watengenezaji Waulizwe Kazi Yao

Tangu mwaka 1998, Tamasha la Kimataifa la Filamu la Nchi za Jahazi hufanyika katika kisiwa chetu cha Unguja. Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waarabu wa Oman baada ya kuwatoa Wareno, imegeuka kuwa mahali pa wananchi na wageni kukaa pamoja usiku wakitazama picha. Ukililinganisha na tamasha la Ouagadougou, lililoanza mwaka 1969, hili letu ni dogo. Lakini udogo huo una faida yake. Mwongozaji aliyetoka Maputo au Mumbai utamkuta Forodhani na sahani yake ya mishikaki, hana mlinzi wala katibu wa kumzuia, na mtu yeyote mwenye swali aweza kumwendea.

Jambo la kusikitisha ni kwamba sisi waandishi hatumwendei. Na tukimwendea hatuna la kumwuliza.

Mtu akiyapekua magazeti yetu, na hili analolisoma limo, atajua mgeni rasmi alikuwa nani na alitoa wito gani. Hatajua filamu zilizooneshwa zilisimulia nini, zilifaulu wapi na zilipwaya wapi. Mwandishi wa safu hii aliwahi kukaa ndani ya Ngome akimsikiliza kijana mmoja wa habari akimhoji mwongozaji aliyetengeneza filamu kwa fedha zake na za jamaa zake. Maswali yalikuwa matatu: ameionaje Zanzibar, ameshakula urojo, na atarudi lini. Mgeni alijibu yote kwa adabu, kisha na yeye akauliza lake moja: "Ndugu yangu, filamu yangu umeitazama?" Kijana hakuitazama. Alitakiwa awahi ofisini kuandika hotuba ya ufunguzi. Hatumlaumu peke yake, kwani aliyemtuma ndiye aliyemnyima usiku mmoja wa kukaa akatazama.

Sisi tuliopitia chuoni tunakumbuka kwamba mwalimu hakukubali mtu asimulie habari bila ya kusema ameipokea kwa nani. Aliyesikia kwa aliyesikia alirudishwa nyuma. Kanuni hiyo ingetufaa sana katika kazi hii.

Wala isidhaniwe kuwa kuhakiki filamu ni mtindo wa wageni. Jumba la Royal lilifunguliwa Vuga mwaka 1921, na lilipoungua pakajengwa Majestic, iliyoanza kazi mwaka 1955. Wazee wetu wakitoka humo walikuwa hawalali. Barazani, kwa kahawa na kashata, picha ya Kihindi ilichambuliwa mpaka usiku wa manane: baba yule alikuwa na haki ya kumfukuza mwanawe? Mapenzi yale yalikuwa ya kweli au ya tamaa? Walizigombania nyimbo, wakaipima tabia ya kila mhusika kwa mizani ya hapa kwetu. Ile ilikuwa tahakiki kamili, ila haikuandikwa. Majestic ikaja ikafungwa, ikakaa miaka mingi katika uchakavu, na mazungumzo yale yakapoa pamoja nayo.

Tuchukue mfano ulio karibu nasi. Mwaka 2021 Amil Shivji aliitoa filamu ya Vuta N'kuvute, aliyoitoa katika riwaya ya mwaka 1999 ya Mzanzibari mwenzetu, Adam Shafi. Ilianza kuoneshwa Toronto, kisha Tanzania ikaipeleka kushindania Tuzo za Oscar, jambo ambalo nchi ilikuwa haijalifanya tangu Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, ya mwaka 2001. Hayo yote tuliyaandika, tukapongeza. Nani kati yetu aliyeandika kwamba riwaya inakwenda mbio, ilhali filamu inatembea taratibu, inakaa juu ya uso wa Yasmin na mwanga wa vichochoroni kama mtu asiyetaka kuondoka? Kwa maoni yetu uzuri huo umeigharimu kitu. Mapambano ya Denge na wenzake dhidi ya ukoloni, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa kitabu, yanasogea nyuma ya mapenzi. Huenda mwongozaji alikusudia hivyo, aoneshe kwamba msichana aliyeikimbia ndoa ya kulazimishwa na kijana aliyeukataa utawala wa kigeni wanadai uhuru mmoja. Basi aulizwe! Ndiyo kazi ya mahojiano. Aulizwe pia gharama za kuirejesha Zanzibar ya miaka ya 1950 katika mitaa iliyojaa maduka ya watalii, na kibali kilimchukua muda gani.

Hapa tunawaomba viongozi watuelewe. Serikali ina Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni, na kazi ya kukagua ni ya lazima katika nchi yenye dini na mila zake. Lakini kukagua si kuhakiki. Mkaguzi huuliza iwapo filamu ipite. Mhakiki huanza pale alipoachia mwenzake, akauliza inasema nini na inasema kwa ufundi gani. Afisa anayetaka kujua kwa nini vijana wetu hawamalizi filamu zao angefaidika zaidi na mahojiano kumi ya kweli kuliko na semina. Humo angekuta habari za kamera ya kuazima, za waigizaji wanaolipwa nauli tu, na za filamu inayotazamwa usiku mmoja Ngome Kongwe kisha isionekane tena na jirani wa aliyeitengeneza.

Ousmane Sembène wa Senegal alikuwa mwandishi wa riwaya kabla ya kushika kamera. Aliona vitabu vyake havimfikii mwananchi asiyejua kusoma, na filamu yake Mandabi, ya mwaka 1968, wahusika wanasema Kiwolofu. Kiswahili chetu hakina upungufu huo wa wasomaji, lakini filamu nyingi za tamasha huja na maandishi ya Kiingereza chini yake. Bibi wa Makunduchi aliyeletewa picha kijijini hutazama midomo ikicheza. Kuzifasiri ni kazi ya siku chache kwa wanafunzi wa lugha waliopo hapa hapa mjini, wakipewa filamu mapema na ujira wa haki.

Kwa upande wetu, tumekubaliana na mhariri kwamba katika siku za tamasha zitatengwa safu mbili kila siku kwa filamu yenyewe, na hotuba zitafupishwa. Mwandishi atakayehoji ataonesha kwanza tiketi ya filamu aliyoitazama. Na picha zitakapopelekwa Pemba, mmoja wetu apande boti aende nazo, akae chini na watazamaji wa Wete na Chake Chake, asikilize wanasema nini baada ya taa kuwashwa. Nauli yake imeshaombwa. Tunasubiri mhasibu atie saini.